Mwaliko, Mdhamini na Pasipoti Mbili: Kisa cha George Gamow, 1931–1933

Mwezi Oktoba 1931 wanafizikia wa nchi mbalimbali walikusanyika mjini Roma, kwa mwaliko wa Akademia ya Kifalme ya Italia iliyoongozwa na Guglielmo Marconi, ili kuzungumzia kiini cha atomu. Miongoni mwa waliotakiwa kutoa mada alikuwamo kijana wa miaka 27, George Gamow, raia wa Muungano wa Kisovieti. Zamu yake ilipofika, aliyesimama kuisoma mada ile alikuwa rafiki yake Max Delbrück, kwa sababu mwenye mada alikuwa kwao Urusi akingojea pasipoti ambayo haikutolewa. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1933, Gamow huyo huyo alikuwa Brussels katika Mkutano wa Saba wa Solvay, pamoja na Rutherford, Bohr na Marie Curie, akiwa na pasipoti halali mfukoni na mkewe amefuatana naye. Fizikia yake haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza tofauti hiyo, na serikali iliyomzuia ndiyo hiyo hiyo iliyomruhusu. Swali la kisa hiki ni nini hasa kilichobadilika, na nani alilipia.

Kabla ya kuendelea inafaa msomaji ajue kwamba sehemu kubwa ya habari za ndani za kisa hiki inatokana na kumbukumbu alizoziandika Gamow mwenyewe, ambazo zilichapishwa mwaka 1970, miaka miwili baada ya kifo chake. Gamow alikuwa msimuliaji hodari na mcheshi, naye mcheshi akisimulia shida zake huzipamba. Tarehe, mikutano na majina ya wahusika yanathibitika kwingineko. Maneno yaliyosemwa faraghani tunayapokea kutoka kwake peke yake, na nitayaeleza kwa tahadhari hiyo.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1904 huko Odessa, bandari ya Bahari Nyeusi iliyo leo nchini Ukraine, akaenda kusoma Leningrad, ambako alihudhuria mihadhara ya Alexander Friedmann na kufanya urafiki na vijana wawili waliokuwa na akili na ulimi mkali kama yeye, Lev Landau na Dmitri Ivanenko. Baadaye Matvei Bronstein naye alijiunga nao. Kiangazi cha mwaka 1928 Gamow alipelekwa Göttingen, Ujerumani, na huko, ndani ya wiki chache, akatatua fumbo lililowasumbua wakubwa.

Fumbo lenyewe lilikuwa hili. Chembe za alfa (viini vya heliamu ambavyo elementi zenye unururifu huvitoa) zenye nishati ya takriban elektroni-volti milioni 8.8 (elektroni-volti ni kipimo cha nishati ya chembe) zilipofyatuliwa kuelekea kiini cha urani zilisukumwa nyuma, hazikuweza kuingia. Ilhali urani hiyo hiyo hutoa chembe zake za alfa zenye nishati ya takriban milioni 4.2 tu, pungufu ya nusu. Yaani mwenye nguvu nyingi hawezi kuingia, na mwenye nguvu chache anatoka. Gamow alionyesha kwamba kwa kanuni za fizikia ya kwanta chembe haihitaji kuupanda ukuta wa umeme unaokizunguka kiini mpaka juu, bali ina uwezekano mdogo, unaoweza kupigiwa hesabu, wa kuonekana upande wa pili. Ronald Gurney na Edward Condon, huko Marekani, waliufikia uamuzi huo huo mwaka ule ule bila kujuana naye. Akiwa njiani kurudi kwao alipitia Copenhagen, na Niels Bohr, baada ya kumsikiliza, akamtafutia ufadhili wa mwaka mmoja kutoka mfuko wa Carlsberg. Baada ya hapo akaenda Cambridge kwa Ernest Rutherford, ambako hesabu zake zilimpa John Cockcroft matumaini kwamba protoni zenye kasi ya volti laki kadhaa tu zingeweza kupenya kiini chepesi. Mwezi Aprili 1932 Cockcroft na Ernest Walton waliivunja lithiamu kwa njia hiyo.

Nyumbani hakuwa mtu wa kutiliwa shaka hata kidogo. Mwaka 1928 gazeti la Pravda lilichapisha shairi la Demyan Bedny la kumsifu kijana wa Kisovieti aliyeifikia atomu. Jambo hili ni la muhimu katika uchambuzi, kwa kuwa linatuondolea maelezo mepesi kwamba alizuiwa kwa sababu serikali haikumjua au haikumthamini. Ilimjua, ikamthamini, na hata ikajivunia naye.

Alirudi Urusi majira ya kuchipua ya mwaka 1931, kwa sababu za kawaida kabisa: kuongeza muda wa pasipoti yake na kuomba kibali cha kwenda Roma. Kwa simulizi lake, marafiki aliowakuta walishangaa kumwona amerudi. Katika miaka miwili ya mwisho aliyokuwa nje, hali ilikuwa imegeuka. Kushirikiana na wanasayansi wa nchi za kibepari, jambo lililokuwa likihimizwa mwaka 1928, sasa lilianza kuhesabiwa kuwa ni dalili ya utovu wa uaminifu. Hakuna aliyemwambia kwamba amekataliwa. Alikwenda kwenye ofisi ya pasipoti akaambiwa haijawa tayari, arudi. Akarudi, akaambiwa arudi tena. Na hivyo hivyo mpaka siku za mkutano zikafika na kupita. Msomaji aliyewahi kupanga foleni ya viza huku barua ya mwaliko ikijikunja mkononi anaujua mtindo huu bila kuelezwa. Kukataliwa waziwazi kunampa mtu nafasi ya kukata rufaa, lakini njoo kesho haina pa kukatiwa rufaa.

Mtu anaweza kudhani kwamba tatizo lilikuwa Italia ya Mussolini. Sioni kama hoja hiyo inatosha. Moscow na Roma zilikuwa na uhusiano wa kibalozi tangu 1924, na zilitia saini mkataba wa urafiki mwezi Septemba 1933. Ninaloliona mimi ni umbo la mwaliko. Akademia ya Italia ilimwalika Gamow, mtu binafsi, kwa jina lake na kwa ubingwa wake. Mbele ya karani wa pasipoti, barua ya namna hiyo ilikuwa ni ushahidi kwamba raia fulani anapendwa na wageni, na hapakuwa na ofisi yoyote ya serikali iliyokuwa na haja ya kumwona Roma wala iliyoahidiwa na mtu yeyote kwamba atarudi.

Mwaka uliofuata ulikuwa mchungu kwake kwa namna ambayo mwanafizikia peke yake ndiye anayeweza kuielewa vizuri. Mwezi Februari 1932 James Chadwick alitangaza ugunduzi wa nyutroni, chembe ya kiini isiyo na chaji. Aprili lithiamu ikavunjwa Cambridge kwa kufuata hesabu ambayo Gamow alikuwa mmoja wa waasisi wake. Agosti Carl Anderson akaiona positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, huko California. Fani aliyoifungua ilikuwa ikikimbia, naye anazisoma habari zake magazetini na kwenye barua. Katika mwaka huo huo Akademia ya Sayansi ya Kisovieti ilimchagua kuwa mwanachama mshiriki akiwa na miaka 28. Heshima ilizidi, na mlango ukabaki umefungwa.

Kiangazi hicho yeye na mkewe, Lyubov Vokhmintseva, mhitimu wa fizikia ambaye mumewe alimwita Rho, walijaribu njia nyingine. Walinunua mtumbwi wa kukunja, wakashuka nao Crimea kana kwamba ni watu wa mapumziko, wakaanza kupiga makafi kuelekea Uturuki, mwendo wa takriban kilomita 270 za bahari wazi. Chakula walichochukua kinajulikana: mayai ya kuchemsha, chokoleti, stroberi na chupa mbili za brandi. Mpango wa Gamow ulikuwa ajitambulishe kwa Waturuki kuwa ni Mdenmark, kwa ushahidi wa leseni ya zamani ya pikipiki aliyoipata Copenhagen, kisha aombe kupigiwa simu Bohr. Siku ya kwanza bahari ilikuwa shwari. Baadaye upepo ukachafuka, mawimbi yakaujaza mtumbwi maji, na nguvu zikawaishia. Upepo ndio uliowarudisha kwenye pwani ya Crimea, ambako walieleza kwamba walikuwa wakijaribu chombo wakachukuliwa na bahari. Waliamini kwamba wameaminiwa. Waliifikiria pia njia ya kaskazini, kutoka Murmansk kuelekea Norway, nayo haikufika popote.

Safari ya mtumbwi ndiyo inayosimuliwa zaidi kila jina la Gamow linapotajwa, na ni kweli inachekesha ukishajua kwamba walinusurika. Katika uchambuzi, hata hivyo, nafasi yake ni ndogo. Inatuonyesha tu kiasi cha shauku, na inatuonyesha kwamba hata katika njia ya wizi Gamow alihitaji mtu upande wa pili atakayesema kwamba anamfahamu. Leseni ya pikipiki haikuwa na thamani yoyote bila sauti ya Bohr kwenye simu.

Mikutano ya Solvay, iliyoanzishwa na tajiri wa viwanda wa Ubelgiji Ernest Solvay mwaka 1911, haikuwa na utaratibu wa kuomba nafasi. Kamati ya kisayansi ilichagua watu wachache na kuwaita. Asiyeitwa hakuwa na pa kupeleka maombi. Mkutano wa Oktoba 1933 ulihusu muundo na tabia za viini vya atomu, na mwenyekiti wake alikuwa Mfaransa Paul Langevin. Gamow anasimulia kwamba siku moja alipokea barua iliyomjulisha kuwa serikali imemteua kuwa mjumbe wa Kisovieti katika mkutano huo, naye, ambaye hakuwa ameomba chochote, hakuamini macho yake. Baadaye alielezwa kilichotokea. Bohr alikuwa amemwendea Langevin, na Langevin, aliyejulikana kuwa rafiki wa Muungano wa Kisovieti, aliiomba Moscow imlete Gamow, akiweka heshima yake dhamana kwamba kijana atarudi.

Hapa ndipo uzito wa kisa ulipo. Mtu aliyealikwa ni yule yule, mada ni ile ile ya kiini, lakini ombi sasa lilitoka kwa rafiki likaenda kwa dola, na aliyeombwa si Gamow bali serikali yake. Kumpeleka kukawa ni kumtendea hisani rafiki wa Ufaransa katika wakati ambao Moscow ilikuwa ikitafuta marafiki Magharibi: mkataba wa kutoshambuliana na Ufaransa ulikuwa umetiwa saini Novemba 1932. Pia serikali haikuwa imeuchukia mchanganyiko wa kimataifa kwa jumla. Mwezi Septemba 1933, wiki chache kabla ya Brussels, mkutano mkubwa wa fizikia ya kiini ulifanyika Leningrad kwenyewe, nao Paul Dirac, Frédéric Joliot na Francis Perrin walikuja kutoka nje. Wageni kuingia halikuwa tatizo. Mwenyeji kutoka ndiko kulikohitaji mdhamini.

Ni rahisi, na inavutia, kumfananisha Gamow na chembe yake ya alfa iliyopenya ukuta bila nguvu za kuupanda. Siupendi mfano huo. Chembe hupenya kwa bahati ambayo hakuna aliyeipanga, wala haiachi deni. Gamow alifunguliwa na watu wenye majina, waliotoa kitu chao ili afunguliwe.

Baada ya kupata ruhusa yake, angeweza kunyamaza na kuondoka. Badala yake akaanza kudai pasipoti ya pili, ya Rho. Kwa msaada wa Nikolai Bukharin, mwanasiasa mashuhuri wa Kisovieti, alifika Kremlin mbele ya Vyacheslav Molotov, mkuu wa serikali. Alipoulizwa kwa nini hawezi kukaa wiki chache bila mkewe, anasema alijibu kwamba ili ombi lake lionekane zito ingempasa aseme mkewe ni mwanafizikia na hufanya kazi ya ukatibu wake, lakini kweli ni kwamba hajapata kutoka nje ya nchi, na yeye angependa baada ya mkutano ampeleke Paris akaone mji na kununua vitu. Molotov akatabasamu, akaandika kitu, akasema haoni ugumu. Lakini ofisi ya pasipoti ikaja na habari nyingine: yake iko tayari, ya mkewe imekataliwa. Gamow akakataa kuichukua yake. Siku zikasogea, akiitwa na kuambiwa aende peke yake, naye akijibu kwamba basi hatakwenda. Na katika dakika za mwisho pasipoti zote mbili zikatolewa.

Ujasiri wa hatua hii unaeleweka tukikumbuka ya Roma. Mwaka 1931 kutokwenda kwake hakukumgharimu mtu yeyote serikalini. Mwaka 1933 serikali ilikuwa imekwisha kuahidi mjumbe, na kiti kitupu mjini Brussels kingekuwa fedheha yake. Gamow alilihisi hilo, pengine bila kulipigia hesabu, akalitumia mpaka mwisho. Upande wa pili wa hoja ni kwamba ofisi ya pasipoti ilijua vizuri kwa nini mke hubakishwa nyumbani. Langevin alikuwa mdhamini wa heshima. Rho angekuwa rehani. Walipomwachia Rho, dhamana ya Langevin ndiyo pekee iliyobaki.

Mkutano ulifunguliwa tarehe 22 Oktoba. Kifizikia ulikuwa wa neema: Chadwick kuhusu nyutroni, Heisenberg kuhusu muundo wa kiini, Pauli akiitetea chembe ndogo isiyoonekana aliyoibuni ili kuokoa hesabu za nishati katika mnururisho wa beta, yaani kiini kinapotoa elektroni, na Irène Curie na mumewe Joliot wakieleza vipimo vya positroni ambavyo Lise Meitner alivitilia shaka. Miezi mitatu haikupita kabla ya Irène na Joliot kutangaza unururifu wa kutengenezwa. Gamow alikuwa ndani ya chumba hicho, kama alivyostahili kuwa tangu 1931.

Mkutano ulipokwisha alimweleza Bohr kwamba hatarudi. Bohr alikasirika. Alimwambia haiwezekani, kwa sababu Langevin ameahidi, na yeye Bohr ndiye aliyemwomba Langevin aahidi. Wasimulizi wengi huipita hasira hii haraka, kama kikwazo kidogo kabla ya mwisho mwema. Mimi naona Bohr alikuwa na haki. Dhamana iliyotumiwa kumtoa mmoja na kisha kuvunjwa haiwezi kutumiwa kumtoa wa pili, na huko Urusi walikuwapo wengine waliokuwa wakingoja mialiko. Gamow naye alikuwa na jibu: hakuahidi yeye, wala hakuulizwa. Wote wawili walisema kweli, na ndiyo maana jambo hilo halikuweza kumalizwa kati yao.

Lilimalizwa na Marie Curie. Gamow, alipokaa karibu naye kwenye chakula cha jioni, alimweleza shida yake, naye akaahidi kuzungumza na Langevin. Baada ya mazungumzo hayo akamjulisha Gamow kwa maneno machache kwamba anaweza kubaki. Aliyeweka dhamana ndiye peke yake aliyeweza kumfungua aliyedhaminiwa, na Langevin alipatikana kwa njia ya mtu asiyeweza kumkatalia. Marie Curie alifariki Julai 1934, miezi michache baadaye.

Gamow hakutangaza mara moja kwamba amekimbia. Alikaa kwanza Paris, kisha Cambridge na Copenhagen, akiomba likizo yake iongezwe, kwa matumaini ya kuruhusiwa kuishi kama Pyotr Kapitza, Mrusi aliyefanya kazi Cambridge na kwenda kwao likizo kila mara. Katika vuli ya 1934 Kapitza alikwenda kwao kama kawaida, akanyimwa ruhusa ya kutoka tena. Wako wanaosema kwamba kosa la Gamow ndilo lililomponza Kapitza. Siwezi kulisema hilo kwa yakini, kwa kuwa Moscow ilikuwa na sababu zake nyingi za kumtaka Kapitza. Lakini kwamba mlango uliomtoa Gamow haukutumika tena kwa namna ile, hilo halina ubishi. Marafiki zake wa Leningrad walibaki. Ivanenko alikamatwa 1935. Bronstein alipigwa risasi Februari 1938, akiwa na miaka 31. Landau alifungwa mwaka mzima kuanzia Aprili 1938. Mwaka huo wa 1938 Akademia ilimfuta Gamow katika orodha yake. Jina lake lilirudishwa 1990, wakati mwenyewe alikuwa amelala kaburini Colorado kwa miaka 22.

Mwaka 1934 Chuo Kikuu cha George Washington kilipompa kazi, alitaka kuwe na mkutano wa kila mwaka wa fizikia ya nadharia, mdogo na wa kuzungumza kwa uhuru, kwa mtindo wa Copenhagen. Ulianza 1935. Katika ule wa Januari 1939 aliyesimama kueleza habari mpya, kwamba kiini cha urani kimepasuka vipande viwili, alikuwa Bohr, mgeni mwalikwa wa Gamow.

Ipo picha ya pamoja ya Brussels, 1933. Gamow amesimama nyuma, kati ya Mhispania Blas Cabrera na Mjerumani Walther Bothe. Rho hayumo, kwa kuwa hakuwa mjumbe. Mstari wa mbele wameketi Bohr, aliyeomba. Marie Curie, aliyefungua. Na, kando yake Curie, Langevin, aliyeahidi. Kati ya Bohr na Curie ameketi Abram Ioffe, mkuu wa taasisi ya fizikia ya Leningrad, Mrusi mwingine aliyepewa pasipoti ya kuja Brussels mwaka huo. Huyo alirudi kwao.